Nafasi ya Arobaini

Maombi mawili yalikuwa yakimsubiri kwenye kompyuta alipofika kazini, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Ombi la kwanza lilitoka kwa mhadhiri msaidizi wa Idara ya Lishe, binti ambaye bado alikuwa kwenye kipindi cha majaribio. La pili lilitoka kwa mume wake.

Alitundika mkoba, akaketi, akayasoma yote mawili tena polepole, kana kwamba kuyasoma polepole kungezaa nafasi nyingine.

Pale chuoni wahadhiri walimwita Bi Foleni, wengine kwa mapenzi na wengine kwa kinyongo. Kazi yake maktabani ilikuwa kusimamia mkataba wa chuo na kampuni moja kubwa ya uchapishaji. Kila mwaka chuo kiliilipa kampuni ile fedha nyingi kwa mkupuo. Kwa malipo hayo wahadhiri na wanafunzi waliyasoma majarida yake yote, na juu ya hapo makala arobaini za watu wa chuo zilichapishwa wazi, yaani mtu yeyote, popote alipo, aweze kuzifungua na kuzisoma bila kutoa hata senti. Mwandishi aliyekosa nafasi alibaki na njia mbili: alipe mwenyewe ada iliyozidi mishahara yake ya miezi mitano, au akubali makala yake ifungwe, isomwe na wenye kulipia tu. Utaratibu ulisema anayetangulia kuomba ndiye atakayetangulia kupata. Mwaka ulikuwa bado haujaingia robo yake ya mwisho, na nafasi zote zilikuwa zimeliwa isipokuwa hiyo moja.

Ombi la binti liliingia jana mchana. La mumewe liliingia jana jioni. Kilichomuuma Bi Foleni ni kwamba makala ya mumewe ilikubaliwa na jarida tangu wiki iliyotangulia, na yeye alimkumbusha mara mbili aijaze ile fomu. Mara ya pili mume alikuwa anatafuta funguo za pikipiki, akajibu bila kugeuka kwamba haraka ya nini, na mwenye dawati analala naye chumba kimoja.

Akabofya kumpitisha binti. Papo hapo mashine ikafanya ilivyofundishwa: ikafunga dirisha la maombi ya mwaka, ikamtumia aliyebaki barua pepe ya kumsikitikia. Hilo la barua alikuwa amelisahau kabisa. Nia yake ilikuwa afike nyumbani amwambie mwenyewe, kwa mdomo, chai ikiwa mezani.

Mumewe mtaani aliitwa na kila mtu Daktari. Walipohamia nyumba ile majirani walimletea watoto wenye homa, akawaeleza kwamba yeye ni daktari wa udongo, si wa watu. Wakacheka, wakaondoka na watoto wao, lakini jina halikuondoka. Jioni ile Daktari wa Udongo alikuwa ameketi sebuleni na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hakulifanya ila akiwa na hasira. Mama yake mzazi, aliyeishi nao, alikuwa upande wa pili akimenya viazi kwenye beseni, na ukimya wake ulionyesha kwamba alikuwa ameshasimuliwa kila kitu.

"Umeninyima kwa barua," mume alisema.

"Ile barua inaandikwa na mashine, Baba Watoto."

"Jina lililo chini ni la mashine?"

Bi Foleni akaenda kuweka sufuria jikoni, akarudi, akaanza kumweleza mpangilio wa maombi, nani aliingia saa ngapi. Alikatizwa. Mume hakutaka saa. Alitaka kujua yule binti wa Lishe ni nani yao. Alitaka kujua ni ofisi gani hapo mjini ambayo mtu hajawahi kuingia kupitia kwa mtu wake. Umeme wa nyumba hii, alisema, ulirudishwa kwa sababu ya shemeji aliyekuwa shirika la umeme. Watoto walipata shule ile kwa sababu mwalimu mkuu alisoma naye. Mlango mmoja tu ndio uliomshinda duniani, na ndani yake amekaa mke wake.

Yote hayo hayakuwa maneno ya mtu mwenye tamaa tu. Makala yake ilihusu bonde lililo nyuma ya mtaa, ambapo wanawake wanalima mboga kando ya kijito. Juu ya bonde kuna karakana inayovunja betri chakavu za magari, na maji yake yanateremka moja kwa moja mashambani. Miaka mitatu mume alichimba udongo ule, akaupima, akapima na majani ya mboga, akakuta madini ya risasi kwa kiasi cha kutisha. Mama yake mwenyewe alikuwa na matuta sita pale. Tangu siku ya majibu alimkataza asilete hata jani moja ndani ya nyumba, na mama, ambaye alizilisha familia mbili kwa matuta yale, alikuwa hajamsamehe vizuri. Afisa wa mazingira wa manispaa aliwaambia wakulima kwamba hawezi kumwondoa mwenye karakana kwa maneno ya mdomo. Wamletee utafiti uliochapishwa, ambao hata wakili wa yule bwana akitaka kuusoma ataufungua. Mume akawaahidi. Akasimama mbele yao, akasema kila mmoja ataisoma kwenye simu yake.

"Kwa hiyo na mimi niwaambie nini?" aliuliza sasa. "Kwamba mke wangu anafuata utaratibu?"

Mama mkwe aliweka kisu chini. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama mkwewe, akasema kwa sauti ya upole, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele, "Mimi sijui mambo ya kompyuta, mwanangu. Ila nakuuliza. Hukuweza kabisa, au hukutaka?"

"Niliweza, mama," Bi Foleni alijibu. "Kumvusha mbele ya mwenzake ningeweza."

Chakula kililiwa kila mtu na sahani yake mahali pake.

Siku ya tatu aliitwa na Mkutubi Mkuu. Alikuwa mtu mpole, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, na alikuwa na desturi ya kumfunika mtu kwa habari za afya na watoto kabla ya kumfikisha kwenye jambo. Siku hiyo alimuuliza habari za watoto mara mbili. Kisha akasema kwamba Mkuu wa Kitivo amepata makala, imekubaliwa juzi, na bahati mbaya dirisha limefungwa.

Bi Foleni alieleza kwamba zimekwisha. Alimkumbusha kwamba tangu katikati ya mwaka aliwaandikia kampuni mara tatu kuomba nafasi za ziada, na mara tatu walijibu kwamba suala hilo litazungumzwa kwenye mkataba ujao. Alimkumbusha pia kwamba kila barua aliyowaandikia alimpa yeye nakala.

"Najua," mzee alisema. "Ndiyo maana nikasema tuangalie ile ya mwisho. Yule mwenzetu wa Lishe bado ni kijana. Anaweza kungoja."

"Ameshapata barua ya kupitishwa, mzee."

"Tutasema palikuwa na kosa la kiufundi."

Bi Foleni akauliza kwa adabu makala ya Mkuu wa Kitivo inahusu nini. Mkutubi Mkuu alisita, akasema inahusu mbinu bora za kuendesha vikao. Wote wawili wakatazama meza. Halafu mzee akavua miwani, akasema jambo la kweli, na kwa hilo Bi Foleni hakuweza kumchukia hata baadaye. Paa la ghorofa ya juu lilikuwa linavuja. Msimu uliopita wa mvua walipoteza rafu nzima ya vitabu. Ameomba fedha za paa miaka minne mfululizo, na mwenyekiti wa kamati ya bajeti ni huyohuyo Mkuu wa Kitivo.

"Basi niandikie, mzee," Bi Foleni alisema. "Mistari miwili tu, kwamba nimwondoe huyu nimweke yule. Nitabofya."

"Haya ni mambo ya kuambiana, dada yangu. Si ya kuandikiana."

"Lisiloandikika mimi siwezi kulibofya."

Mzee aliguna kwa uchovu. Akavaa miwani yake, akavuta kibodi, akaingia kwa nenosiri lake mwenyewe, ambalo lilikuwa na mamlaka kuliko la Bi Foleni. Alihangaika na mfumo ule, maana hakuuzoea. Alikosea ukurasa, akarudi, akamuuliza kitufe cha kufuta kiko wapi. Bi Foleni alisimama mbele yake mikono imeshika mkoba, hakumwonyesha. Hatimaye mzee akakiona. Alipomaliza akamwomba kitu kimoja tu, kwamba amfikishie binti habari ile kwa namna nzuri, kwa kuwa yeye ndiye anayejuana naye.

Hawakuwa wanajuana. Walikuwa wamekutana kwenye mafunzo mara moja. Alimkuta kwenye chumba alichochangia na wenzake watatu, amepanga mizani za kupimia watoto wachanga juu ya kabati kwa kukosa pengine pa kuziweka. Binti aliinuka, akampa kiti chake, akabaki amesimama. Alidhani amekuja kumpongeza.

Bi Foleni hakusema kosa la kiufundi. Alimweleza kama ilivyokuwa, bila kutaja cheo cha mtu, lakini kwa namna ambayo mtu mwenye akili angejua. Binti alisikiliza. Makala yake ilikuwa juu ya kuwalisha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao katika zahanati zisizo na vifaa, na aliiandika akiwalenga wauguzi wa zahanati hizohizo, watu ambao hawana jarida lolote wanalolipiwa. Zaidi ya hayo, kuthibitishwa kwake kazini kulitegemea makala hiyo itoke.

"Nilimwambia mama yangu jana," alisema. "Ameshatangaza kanisani."

"Unaweza kuwaomba jarida wakusubiri hadi mwaka mpya. Wengine wanakubali. Mkataba mpya ukifunguliwa utakuwa wa kwanza."

"Wa kwanza si ndiyo nilikuwa?"

Bi Foleni akasema ndiyo.

"Sasa dada, foleni yenyewe ni ya kina nani?"

Lile swali alitembea nalo hadi nyumbani. Alipofika alimsimulia mumewe yote, akiwa bado hajavua viatu, sebuleni, mama mkwe akisikia. Alitarajia mume afurahi kidogo, na angekuwa na haki. Hakufurahi. Alicheza na kifuniko cha kalamu, kisha akacheka kicheko kikavu.

"Unaona ulichofanya?" alisema. "Ungenipa mimi, angalau ingeliwa nyumbani. Sasa imeliwa na vikao."

"Ningekupa wewe, leo ningemkatalia mzee kwa mdomo upi?"

"Na umemkatalia, ikasaidia nini?"

Kwa hilo alimweza. Bi Foleni aliingia chumbani akakaa kitandani. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa na pa kwenda. Hakuwa na hasira na mumewe tu, wala na mzee tu, wala na watu wa kampuni waliomjibu kwa maneno yaleyale mara tatu. Kilichomkera ni hesabu nzima: watu wa chuo waandike bure, wenzao wa vyuo vingine wazikague makala hizo bure, chuo kilipe ndipo kisome, kilipe tena ndipo wengine wasome, halafu yeye apewe kijidirisha na nafasi arobaini, agombane na nyumba yake.

Mume hakutaka kusubiri mwaka mpya. Alisema wakulima hawawezi kusubiri. Akakubali makala ifungwe, na baada ya wiki tatu ikatoka.

Walikwenda manispaa wanne: Daktari, mama yake, mwenyekiti wa wakulima, na Bi Foleni, ambaye hakualikwa na mumewe ila aliombwa na mama mkwe amshike mkono kwenye ngazi. Afisa wa mazingira aliwakaribisha vizuri. Alikuwa na kompyuta ya kazi na kikombe kilichoandikwa jina la kampuni ya simu. Mume akamsomea anwani ya makala herufi kwa herufi, afisa akaandika, ukurasa ukafunguka. Kilionekana kichwa cha habari, jina la Daktari, mistari kumi ya muhtasari, na chini yake kisanduku cha rangi ya chungwa chenye bei kwa dola.

Afisa aliusukuma ukurasa chini, akaupandisha juu.

"Daktari, hapa naona nauziwa," alisema.

Mume alieleza kwamba ndivyo ilivyo, kwamba ndani imekamilika, na akatoa mkobani nakala aliyoichapa. Afisa aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza. Hakuwa mtu mbaya. Alisema yeye anamwamini Daktari kabisa, ila mwenye karakana ana wakili, na wakili atauliza karatasi hizi zimetoka wapi, maana siku hizi karatasi yoyote mtu anaichapa kwake. Alihitaji kitu ambacho kila mjumbe wa kamati atakifungua mwenyewe na kukuta maneno hayohayo. Fungu la kununua makala hana. Hata la wino ameomba.

Mwenyekiti wa wakulima alitoa simu yake, akajaribu naye. Kisanduku cha chungwa kikamtokea. Akamwonyesha Daktari, kwa heshima, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba zipu yake iko wazi.

"Si ulisema sote tutasoma?" mama yake alimuuliza.

"Nilisema, mama."

Wakaambiwa warudi watakapokuwa na kitu kilicho wazi. Kwenye ngazi mama mkwe hakuhitaji kushikwa mkono. Alitangulia peke yake, haraka. Daktari alibaki nyuma akirudisha karatasi mkobani, moja ikamponyoka, Bi Foleni akainama akaiokota. Ndiyo mara ya kwanza kwa majuma mengi mume kumtazama usoni.

Mkataba mpya ulisainiwa mwezi wa kwanza. Kampuni ilipandisha bei kidogo na kupunguza nafasi hadi ishirini. Ili zisiishe mapema, Mkutubi Mkuu aliamua zitolewe tano kwa kila miezi mitatu. Aliamua na jambo jingine: Bi Foleni apumzishwe dawati lile, ahamie chumba cha magazeti ya zamani, ambako kazi ni kuyashona na kuyaweka kwenye majalada. Barua ya uhamisho ilimsifu kwa uadilifu. Paa lilikuwa bado linavuja, na chumba cha magazeti kilikuwa ghorofa ya juu.

Aliyemrithi alikuwa kijana mchangamfu aliyependa watu waje wenyewe ofisini badala ya kutuma fomu, ili, alivyosema, wafahamiane.

Daktari alikuwa na makala ya pili, juu ya vumbi la karakana ileile ndani ya nyumba za jirani. Ilipokubaliwa hakungoja hata siku moja. Alirudi nyumbani jioni akamkuta mkewe jikoni anakaanga vitunguu, mama mkwe akiwa kwenye kigoda anachambua mchele. Aliegemea mlango.

"Nimepitishwa," alisema. "Ni ya tano. Itakuwa wazi."

Mama yake akaacha ungo, akamshukuru Mungu kwa sauti. Aliuliza kama sasa yule afisa atafungua, akaambiwa atafungua. Bi Foleni naye akasema hongera, na alimaanisha. Aligeuza vitunguu. Alingoja mume aende kuvua viatu, lakini mume hakuondoka mlangoni.

"Yule kijana ananiita shemeji," mume alisema. "Hata sijakaa, kashabofya."

"Ni mkarimu."

"Kulikuwa na watu nje kwenye benchi."

Bi Foleni akapunguza moto.

"Yule binti wa Lishe alikuwepo," mume aliendelea, sasa akiongea na sakafu. "Nilimkuta. Kijana alitoa kichwa nje, akaniona, akaniita mimi. Binti akasogeza miguu nipite. Akanisalimu, shikamoo Daktari. Wakati natoka nikamsikia anaambiwa za miezi hii zimeisha."

Mama mkwe aliuliza huyo binti ni yupi. Kisha mume akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu, kipindi cha majaribio cha yule binti kinaisha lini. Bi Foleni akamwambia kiliongezwa hadi mwisho wa mwezi wa tatu.

"Na wale akina mama wa bondeni?" mume alisema. "Niwarudie tena mikono mitupu?"

"Mimi sina dawati sasa, Baba Watoto. Hili ni lako."

Vitunguu vilikuwa vimeiva kupita kiasi. Aliipua, akakuta mafuta yameanza kunuka, akasimama na kikaango mkononi akitafuta pa kukiweka. Mume alitoka mlangoni. Walimsikia akipita sebuleni, akifungua mlango wa nje, akitembea kwenye kokoto za uani huku na huku kwa muda mrefu. Mama mkwe aliurudia mchele wake, akichagua mawe bila kuyaona.

Halafu hatua zikakoma, na sauti yake ikaingia kupitia dirisha la jikoni, sauti ya chini, ya mtu aliyelazimishwa na yeye mwenyewe.

"Hujambo, kijana. Samahani kukusumbua umeshatoka kazini. Ni mimi, shemeji yako. Ile nafasi ya leo nataka kuirudisha." Akanyamaza, akisikiliza. "Hapana, haina kosa. Kuna mtu nilimpita." Akanyamaza tena, kwa kitambo kirefu zaidi, na aliposema tena ilikuwa kwa ukali. "Usimpe huyo unayemtaja. Mpe aliyekuwa kwenye benchi. Kesho nakuja na nitakaa hapo nje mpaka niione kwa macho yangu."

Mama mkwe aliinua uso. Aliuliza kama hiyo maana yake ni kwamba karakana inabaki palepale.

"Kwa sasa, mama," Bi Foleni alisema, "inabaki."

Mama mkwe akamwaga mchele kwenye sufuria kwa nguvu, baadhi ukatawanyika sakafuni, na hakuuokota.